Bakuli Lililorudi Limeoshwa

Mzee aliyesimama mlangoni kwangu alikuwa amelishika bakuli langu kwa mikono miwili, amelifunga kwa kitambaa cheupe kilichopigwa pasi. Nililijua kabla hajalifungua. Mwanamke hulijua bakuli lake hata ukilivisha kanzu. Ilikuwa Jumapili ya mwezi wa nane, watu wa makanisa walikuwa wanarudi majumbani na nguo zao za heshima, na nyuma ya pazia mume wangu Moustapha alikuwa amelala, upande mmoja wa mwili wake ukiwa hai na mwingine umekufa.

"Mama Mapendo njo weye?" akaniuliza.

Nikamjibu ndiyo, ni mimi.

"Nakuletea chombo yako. Unisamehe, nilikawia."

Sikuwa nimemwona mtu yule maisha yangu yote. Kwa sauti nilijua ni Mrundi, na kwa mikono nilijua ameshika jembe zaidi ya alivyoshika kalamu. Akajitaja: anaitwa Épitace, anafagia na kulinda ua wa ghala la tumbaku kule Kanengo, Lilongwe, alikokuwa akifanya kazi Moustapha. Nikafikiri ameokota bakuli siku mume wangu alipoanguka, na sasa ametumia mapumziko yake kulirudisha. Nikaona huyu ni mtu wa adabu. Nikamwekea stuli, nikaenda kumtafutia maji ya kunywa. Laiti ningejua alichokuja nacho, ningeketi mimi kwanza.

Bakuli lenyewe halikuwa na makuu. Ni la bati lililopakwa rangi nyeupe, ukingo wa buluu, mfuniko umebonyea kidogo ubavuni, nililichagua soko la Tsoka kwa sababu mfuniko ule ulibana sawasawa na mchuzi haukuvuja hata ukiligeuza. Lilitosha mlo wa mtu mmoja mwenye njaa. Nililinunua wiki ileile tuliyotoka hospitali ya Dowa, mwezi wa pili, mvua zikiwa bado zinapiga.

Moustapha alikuwa amelalamika kichwa tangu Krismasi ya majirani. Akiinama kufunga viatu, dunia inamzunguka. Nikamburuta hadi Dowa, maana mume wangu alikuwa mtu wa kuburutwa. Nesi mmoja mwembamba akampima presha mkononi, akapima tena, akabadilisha mashine akapima mara ya tatu. Kisha hakumtazama yeye, alinitazama mimi, akaongea Kichewa. Mimi Kichewa nimejifunza kwa kuuza nyanya sokoni hapa kambini Dzaleka. Moustapha hakuvuka neno zikomo, yaani asante. Alikataa kujifunza, akisema yeye yuko safarini, msafiri hajifunzi lugha ya kila kituo. Miaka kumi na moja alikuwa safarini.

Nesi alisema hivi: chumvi iachwe, mafuta yaachwe, nyama iachwe, vidonge vimezwe kila siku. Bila hivyo mtu huyu hatamaliza mwaka. Hakusema kwa ukali, alisema huku akiandika, na hakukosea. Tulimzika Moustapha mwezi wa kumi na moja.

"Anasema nini?" Moustapha akaniuliza.

"Anasema upunguze nyama kidogo," nikamwambia. "Na chumvi."

Kwetu mgonjwa haambiwi uzito wa ugonjwa wake. Anabebewa. Mama yangu alimbebea baba yangu ugonjwa wake mpaka kaburini, na mjini Kindu watu walimsifu kwa hilo, wakasema yule ndiye mke. Basi na mimi nikaubeba. Nikatoka na mume wangu tukapanda gari la kurudi, yeye ananiambia habari za mbuzi aliowaona wanauzwa kando ya barabara, wembamba, wenye haya, mbuzi wasio na mwenyewe, na mimi namwitikia mpaka tulipofika.

Nimtaje kama alivyokuwa, ili asije akaonekana mlafi tu. Moustapha Ngongo alikuwa mfanyabiashara wa mbuzi, na mchinjaji. Kindu nzima ilijua kisu chake. Alikuwa akimgawa mbuzi kwenye maungio bila kuvunja mfupa hata mmoja, na wazee walipotaka nyama ya harusi walimtafuta yeye, hata kama duka la jirani lilikuwa karibu zaidi. Vita vilipotutoa, tulitoka tumemshika mkono binti yetu Mapendo, na kisu kile kiko ndani ya kitambaa. Kisu kilipotea njiani. Hapa kambini akawa mtu wa kimya, wa kukaa na kutazama barabara, hadi alipopata kazi ya kubeba marobota ya tumbaku ghalani Kanengo. Lori la msimamizi lilikuwa linawachukua barabarani kabla ya jua na kuwarudisha magharibi. Kwake yeye siku bila nyama ilikuwa siku ya matanga. Nilijua hayo. Ndiyo maana sikubishana naye kwa maneno, nikaona kama hatasikia kwa sikio atasikia kwa sahani. Chakula cha jioni nilikuwa nakiona mwenyewe kikiingia kinywani mwake. Cha mchana ndicho kilichokuwa nje ya uwezo wangu, na hicho ndicho nilichotaka kukifunga ndani ya bakuli.

Kupika bila nyama, bila chumvi ya kueleweka, chakula kitakacholiwa masaa saba baada ya kuteremshwa jikoni, tena na mtu asiyekitaka, si kazi ndogo. Nsima, ugali wa hapa, niliitupa mapema, ikipoa inakuwa jiwe. Nikajifunza viazi vitamu, ambavyo vikipoa vinazidi utamu. Sombe, majani ya muhogo, niliitwanga nikaipika kwa unga wa karanga badala ya mawese, na kwa mtu wa Kindu kumpa sombe bila mawese ni karibu na tusi. Mbaazi nilizichemsha jioni zikalala na maji yake, asubuhi nikaziunga kwa nyanya na vitunguu saumu. Jirani yangu Fidès, Mrundi, mama wa watoto sita, akanifundisha ndizi mbichi na maharage ndani ya sufuria moja, na nyanya chungu juu yake. Ndimu na tangawizi ndivyo vilivyoshika nafasi ya chumvi. Ukitaka parachichi lisigeuke jeusi, likate mwisho, lipake ndimu, liweke juu kabisa. Mboga ikae chini, viazi juu yake, ili maji yasipande. Uyoga nilitia wiki mbili tu, mvua zilipokuwa zinaisha. Kila alfajiri nilikuwa nimepiga magoti mbele ya mafiga nikimpikia mtu ambaye hajui kwamba anapikiwa uhai wake.

Siku ya kwanza alifungua mfuniko, akachungulia, akasema haya ni majani ya mbuzi. Nikamwambia yeye ameuza mbuzi miaka ishirini, je, amewahi kumwona mbuzi mwenye presha? Akalitia bakuli kwenye mfuko wake, akaenda kusubiri lori.

Jioni lilirudi limeoshwa.

Si kusuuzwa, ni kuoshwa. Lilisuguliwa kwa majivu hadi ukingo wa buluu ukang'aa. Mume wangu hakuwa ameosha hata kijiko tangu nimjue. Nikamuuliza nani ameliosha, akasema kuna bomba pale ghalani. Siku ya pili lilirudi hivyohivyo, na nilipofungua mfuniko nikakuta ndani karanga saba, mbichi, na maganda yake.

"Hizi ni zangu?" nikamuuliza.

"Za nani tena?" akasema, akageuza macho ukutani.

Kuanzia hapo halikurudi kitupu hata siku moja. Ndimu. Kipande cha tangawizi, kimeparuliwa udongo. Mapera mawili yaliyoiva. Mbegu za maboga zilizokaangwa. Pilipili moja, nyekundu, kubwa. Moustapha alikuwa analiweka bakuli juu ya mkeka, anakaa, anatazama ukuta, na hatii mkono kwenye chakula cha jioni mpaka niwe nimefungua. Alisubiri, nilimwona anasubiri.

Nasema wazi: nilifurahi. Nilikuwa mwanamke wa miaka arobaini na tisa, binti yangu ameshaolewa, mume wangu nimeshamzoea kimya chake kama mtu anavyozoea jino bovu, na ghafla naletewa mapera. Nikaanza tena kupaka wanja. Nikamweleza Fidès, kwa kujifanya nalalamika, kwamba Baba Mapendo amerudi ujana, nifanyeje naye. Fidès akacheka mpaka akashika kiuno, akaniambia nisiringe sana, wanaume huchelewa kuiva. Siku nyingine ndani ya bakuli nilikuta kipande cha gazeti kimekunjwa, na ndani ya gazeti mbegu nyeusi ndogondogo za lengalenga, ile mboga ambayo wengine wanaiita mchicha. Nikazimwaga kando ya mlango, nikawa nazimwagilia maji ya kuoshea vyombo. Zikaota. Nikavuna majani, nikayatia ndani ya bakuli, yakaenda Kanengo.

Kichwa alisema hakimsumbui tena. Nikamwamini. Nilipaswa kumrudisha Dowa akapimwe, lakini kazi ilikuwa haimpi nafasi, nami nikasema msimu ukiisha tutakwenda. Vidonge alimeza alipokumbuka. Sikumhimiza sana, kwa sababu nilikuwa na imani na bakuli langu.

Alianguka Alhamisi moja ya mwezi wa saba, mchana, nje ya geti la ghala. Ndivyo walivyonieleza wenzake walionipigia simu, na mimi sikuuliza alikuwa anafanya nini nje ya geti. Nilikaa naye hospitalini Lilongwe siku kumi na moja. Mkono wa kulia ulikuwa umekufa, mguu vilevile, na mdomo umevutwa upande. Maneno yalikuwa yamekwisha, kilichobaki ni sauti moja kama ya mtu anayeitikia kutoka mbali. Daktari akaniuliza anakula nini. Nikamtajia siku kwa siku, viazi, mbaazi, sombe, ndizi, bila nyama, bila mafuta, chumvi ya ncha ya kijiko, kwa kiburi na kwa hofu pamoja. Akasema basi mama umefanya uwezavyo.

Lakini sikuwa nimefanya niwezavyo. Kulikuwa na magadi. Kuni zikiwa chache, nilikuwa natia magadi kidogo kwenye maharage yaive upesi, kama wanavyofanya wote hapa, na mwanamke mmoja wodini akaniambia magadi ni chumvi ile ile, imevaa nguo nyingine. Usiku na mchana nikahesabu sufuria nilizotia magadi. Tulirudi Dzaleka, nikamlaza mume wangu nyuma ya pazia, nikamgeuza, nikamwosha, nikamlisha, na kila nilipomtazama yule mdomo uliovutwa nilijiambia: Salima, wewe ndiye uliyemlisha haya. Wiki tatu niliishi hivyo. Sikumwambia mtu yeyote, hata Fidès.

Na sasa mzee Épitace alikuwa ameketi kwenye stuli yangu, amemaliza maji, ameliweka bakuli juu ya magoti yake na hajui aanzie wapi. Akauliza hali ya mgonjwa. Nikamwambia amelala. Akasema hakutaka kuja mikono mitupu, na hakutaka kuja bila kushukuru, kwa sababu yeye njo alikuwa anakula.

Nikamuuliza alikuwa anakula nini.

"Ile chakula yako, mama. Yote. Kila siku."

Alinieleza taratibu, na mimi namweka hapa kwa kifupi. Yeye analala palepale ghalani, kwenye kibanda cha mabati, na alikuwa na mlo mmoja tu kwa siku, wa jioni. Siku moja mwezi wa pili, kengele ya mchana imeshalia, Moustapha akaja nyuma ya ghala na bakuli mkononi, akamwambia mke wake amekosea, amepika kingi, je, mzee anaweza kumsaidia? Kesho yake akaja tena na maneno yaleyale. Siku ya tatu hakusema kitu, akaliweka chini na kuondoka. Ikawa ndiyo desturi yao. Épitace alifikiri kuna mabakuli mawili, moja la mwenyewe na moja la sadaka, maana Waislamu alisikia wana sadaka nyingi. Alikuwa akiniombea kanisani kwa jina la Mama Mapendo, hajui sura yangu.

"Na yeye?" nikauliza. "Yeye alikuwa anakula wapi?"

Mzee akatazama chini. Nadhani hapo ndipo alipoelewa kwamba amefungua mlango ambao hakujua umefungwa. Lakini alikuwa mtu mkweli, na watu wakweli hawajui kurudi nyuma.

Nje ya geti kulikuwa na muuza kanyenya, nyama ya mbuzi inayokaangwa barabarani, Mwislamu wa Mangochi, kwa hiyo mume wangu hakukosa hata kisingizio cha dini. Kijana yule alikuwa hajui kukata. Alikuwa anampasua mbuzi kwa shoka, mifupa inavunjika vipande, nyama inachanika. Moustapha alimtazama siku mbili, siku ya tatu uvumilivu ukamwishia, akampokonya kisu. Kuanzia hapo kila mchana, nusu saa ya mapumziko, yeye ndiye aliyekata. Wabebaji walikuwa wanatoka ghalani kumtazama. Hakulipwa kwa kingine, alilipwa mbavu na figo, zimekaangwa kwa mafuta yake na chumvi ya mkono mzima. Kisu kilikuwa mkononi mwake alipoanguka.

"Alikuwa anaimba," Épitace akasema. "Akikata, anaimba. Bantu bote banapenda."

Sikuwa nimemsikia mume wangu akiimba tangu Kindu. Nilikuwa nimesahau kwamba huwa anaimba. Nikakaa pale nikiwa na kikombe kitupu mkononi, na sijui kilichoniuma zaidi, mbavu au wimbo.

Mzee akaona uso wangu, na kwa kutaka kunipoza akaniongezea jingine. Aliniambia kwamba yeye mwenyewe alikuwa na presha, miaka minne, wamemhangaisha na vidonge.

"Mwezi ya sita banapima, imeshuka. Docteur anauliza, mzee, unakula nini? Nikamwambia, ninakula ya Mama Mapendo. Mama, chakula yako njo iliniponesha."

Alikuwa anatabasamu. Alikuwa ameniletea habari njema kuliko zote alizokuwa nazo, amezifunga pamoja na bakuli ndani ya kitambaa cheupe. Magadi na yote, bakuli langu lilikuwa linaponya. Lilifanya kazi yake barabara, kwa tumbo la mtu mwingine.

Nikamwambia ashukuriwe Mungu. Sauti yangu ilitoka sawa, nilishangaa mwenyewe. Akasimama aage, akanikabidhi bakuli. Lilikuwa zito. Ndani kulikuwa na karanga, zimejaa hadi ukingoni, mbichi, na maganda yake. Alipotoka mlangoni akasimama ghafla kando ya ukuta, akainama, akashika jani la lengalenga kati ya vidole viwili.

"Kumbe zilimea," akasema.

"Nini?"

"Zile mbegu. Zilitoka kwenye kashamba kangu, nyuma ya ghala. Kwetu chombo ya muntu haiwezi kurudi kitupu. Kila siku nilimwambia Papa Moustapha, umupelekee mama, umwambie ni asanti yangu." Akaniangalia. "Hakukwambiaka?"

Jua lilikuwa linampiga usoni na alikuwa anakunja macho, mzee wa watu, kofia mkononi. Nyuma yangu pazia halikutikisika.

"Aliniambiaka," nikasema.

Akafurahi. Akashika njia ya kurudi, na mimi nikabaki nimesimama. Mpaka leo hii kila Jumatatu bakuli lile linaondoka na lori kwenda Kanengo, limejaa chakula cha mzee, na kurudi Jumanne, na mimi na Épitace hatujawahi kuzungumza tena habari za siku ile. Lakini alipoondoka pale nilimchukia. Nilimchukia kwa sababu ya mapera, na ndimu, na zile siku nilizopaka wanja. Nikainama nikayang'oa yale majani ya lengalenga na mizizi yake, hili, na hili, na hili, hadi mikono ikajaa udongo, na Fidès akachungulia kutoka kwake akiuliza kuna nini. Nikamwambia navuna. Kisha nilipoyatazama yalikuwa mazuri, mapana, hayajaliwa na mdudu hata mmoja, na mgonjwa alikuwa hajala. Nikayaosha, nikayapika pamoja na maharage. Sikutia magadi.

Niliyaponda yakalainika, nikamwaga zile karanga juu ya stuli, nikapakua ndani ya bakuli, nikaingia nyuma ya pazia. Chumba chetu ni kimoja. Pazia ni kitenge tu. Moustapha alikuwa macho, na machozi yalikuwa yamemtelemkia upande ule uliokufa, ule usioweza kujifuta. Alikuwa amesikia kila neno.

Nilikuwa nimeandaa maneno makali njiani kutoka mafigani, na ni maneno ambayo mume wangu alistahili. Nikakaa kando yake, nikaivuta stuli ya karanga karibu, nikachota kijiko cha kwanza. Akafungua kinywa mwenyewe, kabla sijamwambia. Alikula kijiko baada ya kijiko, ananitazama, jinsi mtoto anavyokula baada ya kuchapwa. Ndipo maneno yangu makali yakageuka na kunitazama mimi. Kwa sababu nilijiuliza: kama angejua? Kama siku ile Dowa ningesema lile neno kama lilivyosemwa, angelipokonya kisu cha kijana wa Mangochi? Labda angelipokonya. Lakini angechagua mwenyewe, akiwa anajua. Mimi nilimficha kifo chake, yeye akanificha bakuli langu, na kila mmoja alidhani anamhurumia mwenzake.

Bakuli lilipokwisha nikalifuta kwa kitambaa, nikaliweka juu ya stuli kati ya zile karanga.

"Baba Mapendo," nikamwambia. "Ule nesi ya Dowa, hakusema kidogo. Alisema usipoacha, utakufa mbele mwaka iishe. Mi njo nilikuficha. Unisamehe."

Akatoa ile sauti yake. Sikujua ni ya msamaha au ya hasira, na hadi leo sijui. Akafumba macho muda mrefu, kifua kinapanda na kushuka, nikadhani amelala. Nikanyoosha mkono nichukue chombo nikakioshe.

Akanizuia. Mkono wake wa kushoto, ule ambao hakuwahi kuutumia hata kukata kitunguu, ukatoka chini ya blanketi ukapapasa juu ya stuli. Ukaigusa karanga moja, ikateleza, ikaanguka sakafuni. Ukatafuta nyingine. Vidole vilikuwa vinatetemeka kwa bidii, mishipa ya shingo imemtoka, mtu aliyekuwa akimgawa mbuzi mzima bila kuvunja mfupa. Akaibana kwa vidole viwili, akaiinua, akaidondosha ndani ya bakuli tupu. Ikagonga bati. Kisha akalisukuma bakuli upande wangu kwa mgongo wa mkono, akageuza macho ukutani, akasubiri.

Nikaichukua. Nikaimenya mbele yake, nikatia mdomoni, nikatafuna. Ilikuwa chungu, imeoza ndani. Zamani ningesema ni tamu.

"Hii imeoza," nikamwambia.

Akanigeukia. Nusu ya uso wake ikacheka, ile nusu iliyobaki, akacheka mpaka bega likatikisika, na mimi nikacheka pamoja naye huku natafuta pa kutema. Kisha mkono wake ukarudi juu ya stuli, polepole, kutafuta nyingine.